Usonji katika Filamu na katika Maisha

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Huathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala hautokani na malezi mabaya. Daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943, baada ya kuwachunguza watoto 11 nchini Marekani.

Watu wengi, hata hivyo, waliufahamu kwa njia ya filamu. Katika Rain Man ya mwaka 1988, Dustin Hoffman aliigiza mtu mwenye usonji anayetaja, kwa kutazama tu, idadi ya njiti 246 zilizomwagika sakafuni. Watazamaji walistaajabu, na wengi wakadhani kila mwenye usonji ana kipaji kama hicho. Walio wengi hawana.

Kosa hili lina madhara. Tuchukue mfano wa mtoto katika ufuko wa Kibirizi, Kigoma. Huziba masikio injini ya boti inapowashwa. Hurudia swali badala ya kulijibu. Hupanga kokoto mstari mmoja kutwa nzima. Kwa kuwa hana maajabu ya hesabu, aliyeona filamu hamtambui. Humwita mkaidi, na mtoto hukosa shule. Mwalimu anayemwelewa humtafutia mahali patulivu, akamfundisha kwa picha na maneno machache.

Zoezi: Iwapo ungetengeneza filamu juu ya mtoto huyu, ungeonyesha nini ili watazamaji wa Ujiji wamtambue jirani yao?