Kuotesha vayoleti ya Afrika kwa jani moja

Wakazi wengi wa Taita Taveta wameiona vayoleti ya Afrika kwenye kopo dirishani: majani mazito yenye manyoya, maua madogo ya zambarau yenye kitovu cha manjano. Wachache wanajua kwamba jamaa yake wa porini, Saintpaulia teitensis, hupatikana katika msitu wa Mbololo pekee, kwenye miamba yenye kivuli, na imo katika hatari kubwa ya kutoweka.

Anayelitaka ua hili basi asilifuate msituni. Kung'oa mmea katika msitu wa umma bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Tena hakuna haja. Vayoleti za vitaluni ni uzao wa mimea ya Tanga na Usambara iliyopelekwa Ujerumani mwaka 1892, na jani moja la jirani linatosha kuanzia.

Chagua jani lenye afya, si changa wala lililozeeka. Likate pamoja na kikonyo cha sentimita 3 hivi, kisha ukichomeke kikonyo kwenye mchanga uliochanganywa na mboji iliyochekechwa. Funika kwa nusu ya chupa ya plastiki iliyotobolewa ili unyevu usitoroke wote. Mizizi huchukua takriban mwezi. Vichipukizi hujitokeza baada ya miezi 2 au 3. Vikifikia ukubwa wa kutosha kushikika, vitenganishe, kila kimoja kwenye kopo dogo lenye matundu chini. Kopo kubwa hushika maji mengi na mizizi huoza.

Maji, kwa kweli, ndiyo huua vayoleti nyingi kuliko ukame. Subiri udongo wa juu ukauke, kisha mwagilia pembeni mwa shina, si juu ya majani. Maji baridi huacha madoa kwenye majani, na yakituama katikati ya mmea huozesha moyo wake. Weka kopo barazani au dirishani penye mwanga wa kutosha lakini jua la mchana lisifike. Majani yakibabuka, jua limezidi. Vikonyo vikirefuka na maua yasitokee, giza limezidi.

Maua ya kwanza huchukua miezi 6 hadi 12 tangu kuchomeka jani. Baada ya hapo, mmea uliotunzwa huchanua mara kadhaa kwa mwaka, mradi maua yaliyonyauka yaondolewe.