Somo la neno "lau": Malindi, Mombasa na Andalus

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mara nyingi katika mabaraza yetu, watu wakisha kusali isha, huzuka mazungumzo ya "lau". Lau Waislamu wangalishinda katika vita vya Poitiers mwaka 732, Ulaya yote leo ingalikuwa ikisoma Kurani. Lau Granada isingalianguka mwaka 1492, elimu isingalitutoka mikononi. Na kwa kuwa sisi ni watu wa pwani hii, lau ya tatu haikosi kufuata: lau Sultani wa Malindi asingalimpa Vasco da Gama rubani, Wareno wasingaliijua njia ya Bara Hindi, na miji yetu isingalichomwa moto. Hapo watu wa Mombasa huwatazama watu wa Malindi, na watu wa Malindi ama huinamisha macho ama hukasirika. Maneno haya yamekwisha kuwa tusi baina ya ndugu, na watoto wanayarithi. Kwa hiyo tumeona yatupasa tulitazame neno lenyewe, kisha tuipime lau ya Malindi kwa habari zilizothibiti.

Wako wanaosema kuwa lau ni haramu, wakaishia hapo, wakafunga kitabu. Hakika Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Muslim kwa Abu Huraira, alimkataza muumini aliyepatwa na msiba kujuta kwa lau, kwa kuwa majuto hayo humfungulia shetani kazi yake. Lakini Imam Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango wa lau inayojuzu, na Mtume mwenyewe katika Hija ya kuaga aliwaambia sahaba kuwa lau angalijua mwanzo aliyoyajua mwisho, asingalikuja na wanyama wa kuchinja. Lau ile ilikuwa ya kufundisha, si ya kunung'unikia kadari. Basi anayekataza kila lau amewazuia watu wasijifunze kwa yaliyopita, na anayejitupa katika kila lau ameyageuza yaliyopita kuwa kilio.

Tena si sisi tulioianza kazi hii. Livy, mwandishi wa tarehe ya Warumi, aliuliza zaidi ya miaka 2000 iliyopita: lau Iskandar wa Makedonia angaligeuza jeshi lake upande wa magharibi akaipiga Roma, ingalikuwaje? Akahesabu majeshi, akalinganisha majemadari, kisha akaipa Roma ushindi. Naye alikuwa Mrumi! Gibbon, Mwingereza wa karne ya 18, aliitazama Poitiers akaona kwamba, lau mambo yangalikwenda vingine, huenda Kurani ingalisomeshwa katika madrasa za Oxford. Yeye alilitaja hilo kama hatari iliyoepukwa, nasi twalitaja kama neema iliyopotea, na wote wawili tumesahau kuwa Waislamu waliendelea kuushika mji wa Narbonne, huko huko Ufaransa, mpaka mwaka 759. Siku moja ya vita haikuamua yote. Kila mwenye lau hupenda kujipa ushindi, au kumpa jirani yake lawama.

Ama Andalus, lau yenye faida haiko mwaka 1492. Iko nyuma sana. Baada ya ukhalifa wa Cordoba kuvunjika mwaka 1031, kila mji ulisimamisha mfalme wake, na wafalme hao wakawa wanawalipa Wakristo fedha ili wasaidiwe kupigana wao kwa wao. Muhammad ibn al-Ahmar, aliyeanzisha ufalme wa Granada, alijiweka chini ya mfalme wa Castilla mwaka 1246, kisha akapeleka wapanda farasi wake kumsaidia kuuzingira mji wa Seville, mji wa Waislamu, uliotekwa mwaka 1248. Granada ikapata umri wa zaidi ya miaka 240. Msomaji na auweke mfano huu moyoni, maana tutauona tena karibu na nyumbani.

Sasa turejee Malindi. Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, akashukiwa, akaondoka. Njiani waliiteka mashua, na waliokuwamo wakawaambia kuwa Malindi kuna vyombo vilivyotoka Bara Hindi. Wakafika Malindi kati ya Aprili. Sultani akamtokea mgeni baharini, kila mmoja katika mashua yake. Mreno alikataa kukanyaga nchi kavu, na Sultani hakupanda merikebu. Zikapita siku za karamu na ngoma, rubani haji. Tarehe 22 Aprili Vasco da Gama akamkamata mtu wa karibu wa Sultani aliyekuwa amepanda merikebuni, akapeleka neno kuwa anamtaka rubani aliyeahidiwa. Rubani akaletwa. Habari hii imo katika kumbukumbu ya safari iliyoandikwa na mmoja wa Wareno wenyewe. Wanaosema kuwa Malindi iliitoa njia ya Hindi kama zawadi tu, na waisome. Tarehe 24 wakatweka pamoja na mwanzo wa kusi, wakafika Calicut tarehe 20 Mei.

Na rubani alikuwa nani? Wengi husema ni Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa wa bahari. Asili ya maneno hayo ni mwandishi wa Makka wa karne ya 16, al-Nahrawali, aliyedai kuwa Ibn Majid alileweshwa ndipo akatoa siri. Lakini waandishi wa Kireno humtaja rubani kuwa ni mtu wa Gujarati, na mmoja wao humwita "Malemo Cana". Neno "malemo" si jina la mtu. Ni mualimu, cheo cha mjuzi wa nyota na bahari, neno ambalo manahodha wetu walilijua vema. Basi mtu mkubwa wa elimu ametiwa ulevi na khiyana kwa riwaya isiyosimama, nasi tumekuwa tukiieneza misikitini.

Tuseme Malindi ingalikataa. Je, mlango ungalifungwa? Hatuoni hivyo. Bartolomeu Dias alikwisha kuizunguka Rasi mwaka 1488. Zama zizo hizo mjumbe mwingine wa Ureno, Pero da Covilhã, aliyetoka kwao mwaka 1487, alipita Cairo na Aden kwa sura ya mfanyabiashara, akavuka hadi Calicut, akapeleka habari kwa mfalme wake. Alivuka kwa vyombo vya nani? Vya Waislamu, kwa nauli. Njia ya kusi na kaskazi haikuwa siri ya mji mmoja. Kila bandari kuanzia Sofala hadi Mogadishu ilikuwa na mtu anayeijua. Bila ya rubani wa Malindi, Wareno wangalichelewa, pengine mwaka, pengine miaka michache, na wengi zaidi wangalikufa, kama walivyokufa katika kurudi kwao, walipovuka bila kungoja kaskazi wakakaa baharini karibu miezi mitatu. Lakini wangalirudi na mizinga yao.

Lau inayotuuma iko kwingine. Mwezi wa Agosti 1505 Francisco de Almeida, akisha kuitwaa Kilwa, aliichoma Mombasa na kuipora. Moto ulipotulia, Sultani wa Mombasa alimwandikia barua hasimu yake, Sultani wa Malindi. Maana ya barua hiyo imehifadhiwa katika habari za safari ile: alimweleza jinsi adui alivyoingia kwa moto, asimhurumie mkubwa wala mdogo, mji ukanuka maiti hata mwenyewe akaogopa kurudi ndani, naye amempelekea habari hizi ili ajihadhari. Aliyepigwa anamwonya jirani aliyefurahia kupigwa kwake! Safari ya Mombasa na Malindi ni kama kilomita 120 tu. Lau barua ile ingalipata sikio, yaani lau miji hii miwili ingalikubaliana walau kuwanyima Wareno maji, machungwa na mahali pa kutia nanga, wangalikosa makao katika pwani hii wakati walipoyahitaji mno. Jambo hili lilikuwa mikononi mwa watu, halikuhitaji muujiza. Wala lawama si ya Malindi peke yake: Mombasa ilikuwa imeionea Malindi miaka mingi, na mnyonge aliyeonewa humpokea yeyote anayebisha hodi.

Malindi ikachagua alivyochagua Ibn al-Ahmar. Ilikaa na urafiki huo karibu miaka 100, ikawasaidia Wareno juu ya Mombasa, na mwisho wa karne Sultani wake akahamishiwa Mombasa kuitawala, wakati Ngome ilipoanza kujengwa mwaka 1593. Mji wa Malindi ukapungua watu hata ukabaki magofu. Uliamshwa tena katika karne ya 19 chini ya Masultani wa Zanzibar, kwa mashamba yaliyolimwa na watumwa, jambo ambalo nalo lina lau yake. Na Sultani Hasan, wa nyumba hiyo hiyo ya Malindi, alipokosana na kapteni wa Ngome alikimbilia Rabai, akauawa huko mnamo mwaka 1614, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Leo nguzo ya Vasco da Gama ingali inasimama juu ya rasi ya Malindi, na wageni huipiga picha. Ile barua ya mwaka 1505 haina nguzo.

Katika darasa lijalo, inshallah, tutasoma habari za Yusuf, mwana wa Sultani Hasan, aliyepelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa, akarudishwa kutawala Mombasa, na tarehe 16 Agosti 1631 akawageukia Wareno na kuitwaa Ngome. Kila mwanafunzi na aje ameandika lau moja juu yake, ibadilishe jambo moja tu, na jambo hilo liwe lilikuwa katika uwezo wa watu wa zama zile.