SOMO LA 9: WA MWISHO NDIYE MSHINDI

Baiskeli hubeba mahindi. Huleta furaha pia.

Siku ya mapumziko, kusanyikeni na baiskeli zenu penye tambarare. Pigeni mstari wa kuanzia. Hesabuni hatua 30, mpige mstari wa pili. Anzeni pamoja, mwende polepole sana. Anayekanyaga chini ametoka. Anayefika wa mwisho ameshinda!

Mchezo huu hufundisha kutawala baiskeli. Mji wa Sumbawanga uko juu, karibu mita 1,800. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Katikati ni mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa. Hapo mwenye haraka huumia.

Mkisafiri pamoja, fuataneni mmoja mmoja. Kagueni breki kwanza. Breki ikiwa mbovu, shuka, ukokote baiskeli.

Maswali
1. Nani hushinda mchezo huu?
2. Je, breki ya baiskeli yako inashika?