RUZIZI NA MFEREJI WA NYUMA YA BWENI



Wengi wanauliza umeme utaenea lini Kivu yote ili mama zetu waache makala. Jibu ni kwamba wakubwa wajenge baraji mpya. Ni kweli, lakini tuangalie kwanza ile tuko nayo.

Ziwa Kivu liko karibu metre 1460 juu ya bahari, Tanganyika metre 773. Ruzizi inatoka Kivu hapa Bukavu na kuteremka kule. Katika fizike tulisoma kwamba nguvu ya maji inatokana na wingi wake na urefu yanapoangukia. Tena maji hayaungui kama makala: yakiisha kuzungusha turbini moja, yanakwenda kuzungusha ingine chini. Ndiyo maana Ruzizi I (megawati 29,8) iko tangu miaka ya 1950, na chini yake Ruzizi II (43,8), ya mwaka 1989, inagawia inchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi III ya megawati 206 imepangwa kwa maji yale yale.

Sasa sikieni. Mvua ikinyesha, chupa za plastiki, sasheti na udongo vinashuka kwa mifereji ya mji mpaka ziwani, halafu mkondo unavisukuma kwa baraji. Vinaziba pale maji yanapoingilia. Mashine inasimamishwa, watu wanatoa uchafu kwa mikono. Mji uko giza. Mama atafanya nini? Anawasha babula! Na makala ingine inakatwa hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Kilima kikikosa miti, udongo wake unateremka tena majini, unaelekea turbini ile ile.

Kwa hiyo hata baraji ya tatu, tukiilisha sasheti, itakohoa kama ya kwanza.

Mimi nimesimama mbele yenu kila asubuhi kusema juu ya usafi. Juma lililopita nilikunywa maji ya sasheti, nikaitupa katika mfereji wa nyuma ya bweni. Mtoto wa darasa la kwanza aliniona, akanyamaza kwa heshima. Usiku umeme ulikatika, tukasoma kwa mshumaa. Sisemi ni sasheti yangu. Lakini nilikosa la kumwambia yule mtoto.

Siku ya posho, salongo inaanzia mfereji ule. Mwenye jembe alete. Mimi nitaingia wa kwanza.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita