Nimefunga Daka, Mtaa Umeninyamazia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mzaliwa wa Mkomani, hapa Lamu. Nilikulia hapa hadi nikamaliza kidato cha nne, nikaenda Nairobi kusoma na nikabaki huko kikazi. Baba alipofariki mwaka jana nilirudi kumtunza mama katika nyumba ya babu. Nimekuja na mke wangu, mwenyeji wa Nakuru, na mtoto wetu wa miezi saba. Kazi yangu ni ya uhasibu, naifanya kwa kompyuta nikiwa nyumbani.

Nyumba yetu ina daka la mawe mbele ya mlango. Wazee wa mtaa hukaa pale kila siku baada ya alasiri, hadi isha na pengine kupita. Wanacheza dhumna, wanabishana siasa na mpira, na apitaye lazima atiwe neno. Mke wangu akienda sokoni huulizwa anakwenda wapi. Akirudi huulizwa amepata samaki gani. Mtoto akipata usingizi, dhumna inagongwa. Kuna mteja aliniuliza kwenye simu kama niko harusini.

Mwezi wa Shaabani niliita fundi akaweka geti la chuma mbele ya daka, na ndani yake nikapanga vyungu vya maua. Sikumtukana mtu, wala wao hawakunitukana. Lakini Ramadhani nzima haikuingia kwetu hata sahani moja ya futari. Nikisalimu naitikiwa, basi. Mama ameapa hakai mlangoni mpaka geti litoke. Mke wangu naye anasema nikiling'oa nitakuwa nimechagua mtaa nikamwacha yeye. Nyumba ni yetu na hati tunayo. Nimekosa wapi?

Mwenye Daka, Lamu

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa baba.

Nianze na uliyoyapatia. Mtoto wa miezi saba anataka usingizi, na kete ya dhumna ikipigwa juu ya ubao katika kichochoro cha kuta za mawe, mlio wake hauna pa kwenda ila ndani ya nyumba za watu. Anayetafuta riziki kwa simu anataka utulivu. Na mwanamke aliyezoea mji ambao jirani anaweza kukaa mwaka mzima asijue umepika nini, ukimuuliza kila siku kuhusu samaki wake ataona anapelelezwa. Malalamiko yenu ni ya kweli. Dawa ndiyo mbaya. Geti litoke, na litoke wiki hii. Usingizi wa mtoto, kazi yako na moyo wa mke wako vina njia zake, na hakuna hata kimoja kinachohitaji chuma.

Hati ninaamini mnayo. Ila kwa kuwa wewe ndiye uliyeleta habari za makaratasi, kumbuka kwamba mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa kisheria mwaka 1986, na UNESCO ikauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kugeuza uso wa nyumba humo kunataka idhini, na barua yako haisemi kama uliiomba. Sikutishi kwa serikali, maana najua kuna waliofanya makubwa kuliko geti na wamelala usingizi wao. Nasema tu kwamba hata kwa sheria, ule mlango si wako peke yako kama unavyodhani.

Sasa itazame nyumba yenyewe. Kutoka njiani unakwea daka, vikao vya mawe huku na huku, kisha mlango. Ukiingia uko tekani, na hapo njia inapinda, ili aliye mlangoni asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Ukivuka kiwanda ndipo unafika msana wa tini, yaani chumba kirefu cha kwanza, halafu msana wa yuu, halafu ndani kabisa. Waliojenga hivi walikuwa na wivu wa faragha kuliko wewe na mkeo mkiwekwa pamoja. Daka waliliweka nje makusudi: maneno ya wanaume, biashara zao, mabishano yao na wageni wao viishie pale, na walio ndani wabaki na nyumba yao. Ulipolifunga, ulidhani umeilinda nyumba. Sasa mwenye shida na wewe, awe fundi wa mfereji au mtu wa msikiti aliyekuja kukuarifu maziko, itabidi abishe hodi na aingizwe hadi tekani. Wageni umewasogeza ndani zaidi.

Halafu kuna punda. Umelelewa hapo, sina haja ya kukueleza, ila labda Nairobi imekusahaulisha. Vichochoro vya Mkomani vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Punda watatu wakija na magunia ya mchanga ubavuni, mwenye punda nyuma akipaza sauti apishwe, mtu mzima anafanya nini? Anakwea kwenye daka lililo karibu, anangoja wapite, anashuka. Hata anayemchukia mwenye nyumba hukwea, na mwenye nyumba hana la kusema. Leo bibi aliyebeba kikapu akikutana na punda mbele ya mlango wenu anabanwa kati ya gunia na chuma. Huyo hajawahi kucheza dhumna maishani mwake, na geti lako limemkuta yeye.

Lakini jambo kubwa ni jingine, na hili nitalisema bila kuzunguka. Baba yako mwaka jana alibebwa na nani? Ndani ya mji wa kale gari haliingii. Jeneza linatoka mlangoni kwa mabega ya watu, na njia nzima hadi makaburini mabega yanabadilishana, huyu anatoka, huyu anaingia, anayepita njiani anaacha safari yake na kutia bega hatua kadhaa. Wewe ulikuwa umefika na begi lako kutoka Nairobi, umelemewa na huzuni, hukupanga lolote. Walipanga wao. Hao wanaomuuliza mkeo kuhusu samaki, pamoja na wana wao, ndio waliochimba kaburi, na naamini vikao vya daka lile lile vilijaa watu waliokuja kukupa mkono.

Mama yako ana umri sasa. Akizidiwa usiku, hakuna wa kumpigia simu alete gari hadi mlangoni. Atatolewa kwa kiti au kitanda, na vijana wanne wa mtaa, hadi pwani au hospitali. Akitakiwa kupelekwa mbali itakuwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, kisha barabara ya Malindi na Mombasa. Moto ukishika kwenye vichochoro hivyo, gari la zimamoto halipiti, na wa kwanza kufika ni jirani mwenye ndoo. Watu wa bara husifu umoja wa visiwani wakidhani ni tabia njema tuliyozaliwa nayo. Mimi naona ni hesabu, na wewe ni mhasibu. Mji usio na gari unategemea mikono, na mikono hiyo hukaa dakani kila siku ikisubiri kazi, ikicheza dhumna.

Sitakudanganya kwamba ni raha tupu. Mji mdogo una macho mengi na masikio kuyapita. Jicho linaloona mtoto wako amepotelea gatini na kumrudisha ndilo linaloona mkeo amerudi saa ngapi. Watu hutia chumvi. Kusengenyana kupo, na wako waliohama Lamu kwa sababu hiyo tu, nami siwalaumu hata kidogo. Ila wewe umeamua kurudi, na hukurudi kwa utalii.

Nikuulize swali moja kuhusu futari. Umeniandikia kwa uchungu kwamba haikuingia sahani hata moja. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta sahani iliyotoka, sikuiona. Wewe unajua desturi: sahani ya mkate wa sinia ikija kwako, hairudi tupu, utatia sambusa, utatia tende, hata kama ni ndizi mbili. Nyumba iliyoweka geti mwezi wa Shaabani, kisha mwezi mtukufu ukaingia nayo haikupeleka kitu kwa mtu, jirani ataisoma vipi? Atasema hawa wanataka kuachwa. Wakakuacha, kwa adabu, kama ulivyoomba.

Tuje kwa mkeo, maana hapa ndipo penye kidonda. Nadhani ana upweke, na geti limeuzidisha. Mchana mume anaongea na kompyuta, mama mkwe amenuna, Kiamu, Kiswahili cha hapa, kinampita kasi, na watu pekee wanaomsemesha ni wazee wa nje. Umemwonyesha mtaa kupitia wanaume wa dakani, na huo si mtaa wa mwanamke. Mkwe mgeni hapelekwi kwa majirani na mumewe. Anapelekwa na mama wa nyumba. Mwombe mama amchukue na mtoto jioni, nyumba moja leo, nyingine kesho kutwa. Ikitokea harusi aende siku za mwanzo, wakati wanawake wanachagua mchele na kukuna nazi, asingoje siku ya kupambwa. Mtu aliyekaa kwenye mbuzi ya nazi akakuna hadi mkono ukamuuma, akachekwa anavyoshika kifuu, hawezi tena kuitwa mgeni. Na mtoto wa miezi saba ni cheti cha kuingilia nyumba yoyote Lamu. Atapokonywa mikononi kabla hawajavua viatu.

Umweleze pia kuhusu yale maswali. Mzee akiuliza "wapi hiyo?", hataki ramani. Jibu ni "hapa mbele", hata kama unakwenda kupanda ndege Manda. Akiuliza samaki, ataje samaki na apite. Akijibu kwa ukarimu mara chache wataanza kumwambia nani ameleta changu wabichi na nani anauza wa jana, na hapo atakuwa amefaidi kuliko wao.

Lakini yako mambo ambayo hafai kuvumilia, na hapo nataka uwe mume. Mtu akimsema kwa mavazi yake, kwa kabila lake, au akimfanyia mzaha wa kumdhalilisha, usicheke ukasema wazee ndivyo walivyo. Mfuate huyo mtu kwake, peke yenu, umwambie kwa heshima kwamba hilo hulitaki. Mkeo akijua utafanya hivyo bila kusukumwa, hatahitaji geti kuthibitisha kwamba umemchagua. Mwambie hayo kabla hujamwita fundi, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako, asije akaamshwa na nyundo.

Sasa namna ya kufanya. Usitangaze kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Usitume mtoto. Mchague yule mzee ambaye wenzake wakibishana humtazama yeye, umfuate nyumbani kwake asubuhi. Useme umekosa, uombe radhi, na usianze kueleza sababu, maana radhi yenye sababu nyingi husikika kama mashitaka. Akishakusamehe, na atakusamehe, ndipo useme shida yako: mtoto hulala baada ya magharibi, nawe una kazi ya simu usiku. Omba dhumna ichezwe juu ya mkeka au kitambaa kilichokunjwa, si juu ya ubao mtupu, na ikiadhiniwa isha mchezo ufungwe. Utashangaa jinsi jambo hilo ni dogo kwao. Hujawahi kuwaambia! Ulipita katikati yao kila siku ukisema "salaam aleikum", moyoni una hasira, kisha siku moja wakakuta chuma.

Fundi aje baada ya adhuhuri, amalize kabla ya alasiri. Mashimo ya chuma yazibwe kwa chokaa, usitie simenti kwenye jiwe la zamani. Vikao vioshwe. Muuza kahawa akipita na dele lake mwambie kahawa ya leo ni juu yako, uweke na halua, kisha ukae nao mwenyewe. Hotuba haihitajiki. Watazungumza mpira, nawe zungumza mpira. Usiwe wa siku moja, lakini pia si lazima uwe wa kila siku. Nusu saa, mara mbili tatu kwa wiki, inatosha kwa mtu mwenye kazi. Kuna mtu pale anayejua mipaka ya shamba la babu yako, na yumkini kuna mwingine anayemdai marehemu baba yako. Yote mawili unahitaji kuyasikia mapema.

Meza yako ya kazi iondoe karibu na mlango. Nadhani umeiweka pale kwa kuwa ndipo mtandao unaposhika. Nunua waya, uvute hadi msana wa yuu. Kuta zile ni nene, na hakuna mteja atakayeuliza tena habari za harusi.

Mfunguo sita wageni wa Maulidi watakuja msikiti wa Riyadha kutoka Mombasa, Malindi, Zanzibar na kwingineko, na kila nyumba itatakiwa kulaza watu. Pokeeni wawili watatu, mkeo akiwa radhi. Mama yako atafurahi, na majirani wataleta magodoro bila kuombwa.

Geti lenyewe usilitupe wala usiliuze kwa hasara. Mtoto ataanza kutambaa karibuni, na ngazi za nyumba hizo ni kali. Fundi akishaling'oa, mwambie alikate, alifunge juu ya ngazi. Pale linahitajika.