Damu Haikati Tangu Uwekewe Kijiti: Ufanye Nini?

Umewekewa kijiti cha uzazi wa mpango, au umechomwa sindano ya miezi mitatu, na wiki ya tatu sasa bado unavaa pedi. Leo matone, kesho hakuna, keshokutwa imerudi. Jirani ameshakwambia nenda ukakitoe. Subiri kidogo.

Njia hizi zinatumia homoni, yaani vichocheo vinavyofanana na vya mwili wako. Kwa kawaida, kila mwezi ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa ukijiandaa kupokea mimba. Isipoingia, ukuta hubomoka ukapata hedhi. Kijiti na sindano vinauzuia usinenepe. Unabaki mwembamba, vijishipa vyake vinakuwa dhaifu na kuvuja ovyo. Njia haijashindwa kazi: unatokwa na damu na bado umekingwa. Wengine hukatika hedhi kabisa. Kwa sindano, mwaka ukipita, karibu nusu ya watumiaji hawaoni siku zao, na hapo ndipo huanza maneno kwamba damu inaganda tumboni. Hakuna inayoganda, kwa sababu hakuna ukuta mnene wa kubomoka.

Itaendelea hadi lini? Kwa walio wengi hupungua kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kijiti kinaweza kusumbua hadi mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye vurugu, na matone mengi huletwa na kusahau. Meza saa ileile kila siku. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, tumia kondomu kwa siku saba huku ukiendelea kumeza. Wanaonyonyesha na kutumia vidonge vya kichocheo kimoja wawe makini zaidi, maana aina nyingi za vidonge hivyo hazivumilii kuchelewa zaidi ya saa tatu.

Anza kuandika leo. Chukua ile kalenda ya ukutani, weka T siku ya matone, D siku ya damu kamili, na idadi ya pedi pembeni. Muuguzi akiuliza “inatoka kiasi gani?”, jibu la “nyingi tu” halimsaidii. Kwa Mwislamu kalenda hiyo ina kazi ya pili: mpelekee mwalimu wa dini akusaidie kutenganisha hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, ujue siku za kuswali na kufunga. Wapo wanaoacha swala wiki nzima nzima kwa kukosa tu wa kumuuliza.

Usingoje foleni ya kesho ikiwa pedi inalowa kabisa kila saa kwa saa mbili mfululizo, unasikia kizunguzungu au moyo unakwenda mbio, tumbo la chini linauma sana, una homa na uchafu unaonuka, au unahisi una mimba. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa nayo usiisingizie kijiti. Omba uchunguzi wa mlango wa kizazi.

Kama hayo hayapo, lakini damu imezidi siku nane mfululizo au ni mara mbili ya hedhi yako ya zamani, au imekuchosha tu, rudi kituoni. Hapa niseme wazi: kumwambia mwanamke “vumilia, ni kawaida” na kumfungulia mlango si huduma. Dawa zipo. Mara nyingi huanza na ibuprofen, ambayo wengi tunaiita Brufen, kwa siku tano, baada ya kula. Usijinunulie kienyeji: kiwango chake ni kikubwa kuliko cha kichwa kuuma, na mwenye vidonda vya tumbo haimfai. Nyingine ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye vichocheo viwili, kwa siku 21, ila si kwa mwenye shinikizo la damu wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Utapimwa mimba na pengine wingi wa damu. Taja kila dawa unayotumia: baadhi ya dawa za kifua kikuu, za kifafa na za kufubaza virusi vya UKIMWI hupunguza nguvu ya kijiti na vidonge.

Gharama? Tanzania, huduma za uzazi wa mpango katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za serikali ni bure, kuweka na kutoa. Hospitali binafsi, uliza bei kabla hujapanda kitandani. Beba kadi yako ya kliniki.

Na ukiwa umechoka kweli? Kijiti hutolewa siku yoyote utakayo, hata kama muda wake haujaisha. Huna haja ya kuleta sababu nzito. Unachomwa ganzi, ngozi inachanwa kidogo, kinavutwa. Asikitoe mtu asiye na mafunzo, na anayesema hawezi akuandikie rufaa. Sindano haitoleki, utangoja nguvu yake iishe, na mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa zaidi. Baada ya kutoa kijiti, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, pengine kabla hata hujaona hedhi. Kwa hiyo kama bado hutaki mtoto, chagua njia nyingine hapohapo kliniki, au ondoka na kondomu mkobani.