MADOA MEUSI KINYWANI: TUSIKIMBILIE WEMBE

Leo tujifunze juu ya madoa meusi yanayoonekana kwenye fizi, ulimi au mashavu kwa ndani. Mtu akiyaona anashtuka. Huyu anasema ni sumu, yule anasema ni ukimwi, mwingine anachukua wembe akwangue. Hebu tutulie kwanza.

Madoa mengi hayana hatari:

1. Rangi ya asili. Melanini, ile inayotia ngozi yetu weusi, iko kinywani pia. Mara nyingi weusi huu huwa pande zote mbili, hauumi, wala haubadilikibadiliki. Si uchafu, kwa hivyo mswaki hauwezi kuutoa.

2. Sigara. Moshi huzidisha weusi, hasa kwenye fizi za mbele. Mtu akiacha kuvuta, hupungua polepole.

3. Jino lililozibwa. Dawa ya kuziba yenye fedha na zebaki ikiingia kwenye ufizi, huacha doa la kijivu au la bluu karibu na jino hilo.

4. Dawa za kumeza. Baadhi, kama zidovudini ya wenye virusi vya ukimwi, zaweza kuleta weusi. Usiache dawa! Mwulize daktari.

Kukwangua kunaleta kidonda na viini, na mara nyingi weusi hurudi tu.

Lakini nenda kliniki bila kuchelewa ikiwa:

- Doa ni jipya, linakua, au linabadilika rangi.
- Linatoa damu, limevimba, au lina kidonda kisichopona kwa majuma mawili.
- Ni la zambarau, hasa juu kwenye kaakaa. Huenda ni saratani ya Kaposi, ambayo huwapata zaidi wenye virusi vya ukimwi. Ina matibabu.
- Umekonda, unachoka ovyo, na ngozi inazidi kuwa nyeusi. Huenda tezi zilizo juu ya figo zimeharibika, pengine kwa TB.

Daktari akiona shaka, atakata kipande kidogo kipimwe. Usiogope, kwa macho peke yake hata yeye hawezi kuwa na hakika.

Zoezi la nyumbani: Mara moja kwa mwezi simama penye mwanga na kioo. Inua mdomo, toa ulimi, tazama kila upande. Ukijua kinywa chako kilivyo, utatambua kikibadilika.

Maswali ya kikundi:

1. Hapa kwetu watu husema nini juu ya madoa haya?
2. Tutamsaidiaje jirani anayeogopa kwenda kupimwa?